Kabureta Iliyofunguliwa Upya na Maneno Yanayoizunguka Turkana

Magari ya kabureta hayajaisha Turkana. Hilux yenye injini ya 22R, pikapu ya Peugeot 504, Datsun 1200, Land Rover Series III yenye kabureta ya Zenith: yote haya mtu anaweza kuyakuta yakifanya kazi ya kweli kati ya Lodwar na Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi ambako ukikwama saa saba mchana unakwama kwelikweli. Ndiyo sababu nayachukulia kwa uzito maneno ambayo madereva na hata baadhi ya mafundi hupeana kuhusu kabureta iliyofunguliwa, ikasafishwa na kurudishwa. Mengi si kweli, na yanaharibu injini za watu wasio na pesa za kununua nyingine.

Neno la kwanza ni kwamba kabureta ikishawekewa kiti kipya, yaani pakiti ya vipuri vya kukarabatia, ni mpya. Sivyo. Ukifungua pakiti ya kiti utakuta gasketi, sindano ya floti na kipande inachokalia, pengine kiwambo cha pampu na O-ringi chache. Kinachochakaa zaidi katika nchi ya vumbi hakimo humo: ni tundu linaloshika shafti ya kipepeo, kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Mchanga wa Lodwar na wa kando ya laga ya Tarach kule Kakuma hulila tundu hilo polepole. Shafti ikianza kucheza, hewa huingia pembeni bila kupita kooni mwa kabureta, na hakuna skrubu duniani itakayoifanya injini itulie. Shika shafti kwa vidole uitikise juu na chini. Ikicheza, inataka bushi mpya, kazi ya fundi wa mashine ya kukereza.

Zenith ya Land Rover ina ugonjwa wake pia. Sehemu yake ya juu, inayoshika jeti (vile vitundu vinavyopima mafuta), hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na O-ringi ndogo iliyo chini yake ikikauka mafuta huvuja ndani kwa ndani. Gari hutoa moshi mweusi hata likiwa limesimama, na mwenyewe huambiwa anunue kiti kingine. Iweke sehemu hiyo juu ya kioo bapa. Ikitikisika imepinda, na dawa ni kuisawazisha kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo hichohicho. Tena jeti zisizibuliwe kwa waya. Shaba ni laini, na tundu likipanuka kwa unywele mmoja gari limeshabadilishiwa jeti bila idhini ya mwenyewe. Petroli safi na hewa ya kompresa zinatosha.

Dai la pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu linaonekana la busara: "Fundi wa Kitale aliiweka sawa, usiiguse." Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Lodwar iko karibu mita 500. Gari linateremka zaidi ya mita 1,300, na hewa ya chini ni nzito zaidi. Kuna wanaojibu kwamba joto la Turkana huifanya hewa iwe nyepesi, basi mambo yanasawazika. Hayasawaziki. Ukipiga hesabu ya mgandamizo na joto pamoja, Lodwar ikiwa nyuzi 35 na Kitale 22, hewa ya Lodwar bado inabaki nzito kwa kama asilimia 12.

Kabureta haina namna ya kuupima uzito wa hewa. Inachojua ni mvuto unaopita kooni mwake. Hewa ikiwa nzito, mafuta huongezeka pia, lakini si kwa kiasi kilekile, na mwishowe mchanganyiko hupungukiwa mafuta kwa takriban asilimia 6. Uwiano unaochoma petroli yote ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Gari lililowekwa karibu na hapo kule juu, tena na mtu aliyependa kubana matumizi, linafika Lokichar likiwa na kiu. Dalili zake ni injini kusita ukikanyaga, kupata joto kupita kawaida na kulipukia kwenye kabureta. Likiendeshwa hivyo kwa miezi, vali za ekzosi huungua. Dereva atalaumu jua, ilhali kosa ni skrubu na jeti zilizowekwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Kinyume chake ni kweli pia. Gari lililowekwa sawa Lodwar litavuta kwa uzito na kutoa moshi likipanda kutoka Marich kwenda Kapenguria. Kwa anayepita njia hiyo mara kwa mara ushauri wangu hauna kigugumizi: weka kwa ajili ya Lodwar. Moshi kidogo mlimani utakugharimu mafuta, lakini upungufu wa mafuta kwenye joto la bondeni utakugharimu injini, na kipande cha Kainuk hadi Lokichar, ambako wasafiri wameshambuliwa na majambazi mara nyingi, si mahali pa kufungua boneti.

Wengine husema skrubu ya mchanganyiko ikikazwa gari hunywa kidogo barabarani. Bei ya petroli Lodwar iko juu ya ile ya Nairobi, kwa hiyo naelewa dai hili linatoka wapi. Lakini skrubu hiyo inatawala injini gari likiwa limesimama na unapoanza kukanyaga. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, anayetoa mafuta ni jeti kubwa, nayo skrubu haiifikii. Kuikaza kunakupa gari linalozimazima na kusita kila unapoondoka, basi. Ukiikaza kwa nguvu, ncha yake huingia mfereji na kabureta haitawekeka tena vizuri.

Na wakati wa kuweka? Nimesikia kwamba kazi hii ifanywe alfajiri, injini ikiwa baridi, kabla jua halijawaka. Alfajiri ni sawa kwa mgongo wa fundi, lakini injini baridi itakudanganya, kwa sababu choki bado inafanya kazi na petroli haigeuki mvuke vizuri. Endesha kwanza mpaka ipate joto lake la kawaida na choki ifunguke kabisa. Kabla ya hapo hakikisha tapeti, pointi, taimingi na plagi ziko sawa, na kimo cha floti kimepimwa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kisha zima, kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse tu, uilegeze mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Washa tena. Igeuze robo kwa robo, ukingoja kidogo kila mara injini iitikie, mpaka upate mahali inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi. Punguza slo, yaani kasi ya injini bila kukanyaga mafuta, kwa skrubu yake mpaka mizunguko 700 hadi 850 kwa dakika, au kama kitabu kinavyosema, halafu urudie mchanganyiko mara moja zaidi. Ukigeuza na injini haibadiliki hata kidogo, acha. Kuna njia iliyoziba au hewa inaingia mahali. Dondosha matone machache ya maji kwenye maungio ya manifoldi: mlio ukibadilika, umepata tundu. Usitumie petroli kwa jaribio hili, watu wameungua.

Yule anayesema gari lililozima mchana Kalobeyei likakataa kuwaka lina kabureta mbovu, mara nyingi anaionea kabureta. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka karibu nyuzi 35 hadi 40, na chini ya boneti, dakika chache baada ya kuzima, joto hupita hapo kwa mbali. Mambo mawili huweza kutokea, na dawa zake hazifanani. Petroli ikichemka ndani ya bakuli la floti humwagikia kwenye manifoldi: utasikia harufu kali, na ukilazimisha starta utaona moshi mweusi. Hapo kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini uishikilie hivyo, usipampu, washa. Mvuke ukiziba pampu au bomba, bakuli huwa kavu: gari likiwa limezimwa, toa kifuniko cha chujio, uchungulie kooni ukivuta kebo ya mafuta, na hutaona mchirizi. Hapo weka kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba, ungoje. Ikiwa haya yalianza baada ya kabureta kufunguliwa, ulizia kile kipande kinene cha kuzuia joto kinachokaa kati ya kabureta na manifoldi, na bati la kukinga joto. Hivi ni vitu vinavyobaki gereji kwenye kopo la misumari kwa sababu gari huwaka hata bila hivyo.

Gari linalogonga likipanda nalo huletwa kwa fundi wa kabureta. Angalia kwanza ulipojaza mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge hata kabureta ikiwa kamili. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya uchanganyaji huo, na anayenunua kwenye chupa kando ya barabara hana wa kumlalamikia.

Kuhusu kutoa chujio la hewa ili "gari lipumue", sitasema mengi. Upepo wa Turkana unabeba mchanga, nao ukiingia kwenye silinda pistoni na ringi ndizo zinazolipa. Likung'ute, libadilishe, lakini lisitoke.

Kazi ikiisha, nenda na gari mwendo wa kawaida kilomita 20 hivi, uzime, ngoja injini ipoe kidogo, utoe plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeupe inamaanisha mafuta ni machache, nyeusi yenye masizi ni mengi mno. Kipimo hiki hakihitaji mashine, na mwanafunzi wa ufundi wa magari pale Don Bosco Kakuma anaweza kukifanya sawasawa na fundi mkongwe.

Nawaomba mafundi wa Lodwar na Kakuma jambo moja: andikeni kwenye kijikaratasi namba za jeti mlizokuta, namba mlizoweka, na skrubu imelegezwa mizunguko mingapi, mumpe mwenye gari. Na wewe mwenye gari, dai jeti zako za zamani kabla ya kulipa. Fundi asiyeweza kukuonyesha alichotoa, usimwachie gari lako tena.