Maoni: Ndege ndogo ya bei rahisi inaweza kuwa ndiyo ya bei kali

Juma lililopita mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye anaishi Johannesburg tangu miaka kumi na moja, alinitumia picha tano kwa WhatsApp. Nilifikiri ni gari. Kumbe ni ndege: nyeupe, mabawa juu, viti viwili, helisi moja mbele. Chini yake aliandika: "Yaya, nimeipata. Ni ya mwaka 2008, imeruka masaa 140 tu. Wanaomba dola elfu 28. Ninunue?"

Kabla sijajibu, habari ilikuwa imekwisha kufika Goma. Mama mdogo alinipigia simu usiku uleule. "Ndege? Yeye ni rais? Shamba la Sake halijajengwa hata ukuta, yeye ananunua ndege ya kuchezea?"

Namwelewa. Sisi wakaaji wa Goma ndege hatuijui kama kitu cha kufurahia. Tunaijua kwa Birere, Aprili 2008, wakati ndege ya Hewa Bora iliposhindwa kupaa na kuingia katika nyumba za watu. Tunaijua kwa Mapendo, tarehe 24 Novemba 2019, Dornier yenye watu 19 ilipoanguka juu ya mtaa dakika chache baada ya kuondoka. Niliandika habari ile, na mpaka leo nikisikia injini inabadilisha sauti juu ya nyumba, ninainua kichwa. Ukimwambia mama wa hapa kwamba mtoto wake anataka kuruka kwa raha, bila mizigo, bila kazi, Jumapili asubuhi tu, ataona umepoteza akili.

Hata hivyo sitaki kusimama upande wa wale wanaosema aache. Mdogo wangu anatengeneza mashini za baridi za malori, hanywi pombe, amelipa masomo ya wadogo zake wawili, na leseni ya kurusha ndege ndogo aliipata kwa feza yake mwenyewe. Mtu mwingine angemaliza feza ile kwa gari kubwa la kuonyesha watu. Shida yangu iko na ndege ile ya kwenye picha. Na kwa sababu najua wako Wakongomani wengine huko nje, Afrika Kusini, Marekani, Ulaya, wanaoangalia matangazo ya namna hii, naona vizuri niseme wazi kwa nini nilimjibu hapana.

Kwanza tuelewane ni ndege gani tunazungumzia. Mwaka 2004 Marekani iliweka daraja la ndege nyepesi za michezo: viti visizidi viwili, injini moja, uzito wa kupaa usizidi kilo 600, mwendo usizidi noti 120, yaani karibu kilomita 220 kwa saa. Nia ilikuwa kurudisha raha ya kuruka kwa mtu wa mshahara wa kawaida, kwa leseni isiyo ngumu sana. Nchi nyingine zina madaraja yanayofanana na hilo, Afrika Kusini nayo iko na lake. Kwa hiyo unaponunua, unanunua kitu chepesi sana, ambacho kila kilo na kila nguvu ya farasi inahesabiwa.

Sasa turudi kwa tangazo. Masaa 140 kwa zaidi ya miaka kumi na saba: mdogo wangu aliona hiyo kama sifa, sawa na gari lililotembea kidogo. Mimi naona ndege iliyolala. Inabeba injini ya Rotax 912 ya Austria, injini nzuri, inayopendwa duniani kote kwa ndege za namna hii. Lakini kiwanda chenyewe kinasema lazima ifanyiwe ukarabati mkubwa baada ya masaa 2,000 au miaka 15, kile kitakachotangulia. Kinasema tena mipira yote ya mafuta, ya maji na ya hewa ibadilishwe kila miaka mitano. Masaa yake ni machache, ndiyo, lakini miaka yake imekwisha. Kuna nchi zinazomruhusu mwenye ndege ya binafsi kuendelea na injini ya umri huo ikiwa fundi anairidhia, lakini siku ya kuuza, siku ya bima, na siku ile usiyoitaka, umri utazungumza. Injini mpya ya aina hiyo inapita dola elfu 20. Ongeza kwa 28. Tangazo la elfu 28 limekuwa ndege ya karibu elfu 50, na bado hatujagusa mipira, betri, matairi, wala kutu ambayo huwa inapenda ndege zisizoruka.

Nilimuuliza: mipira ilibadilishwa lini? Akamuuliza muuzaji. Muuzaji akajibu kwamba ndege "haijawahi kusumbua". Kwangu jibu hilo lilitosha.

Jambo la pili ni milima, na hapa mtu wa Kivu anapaswa kuelewa haraka kuliko mtu wa Kinshasa. Kiwanja kikubwa cha Johannesburg kiko karibu mita 1,700 juu ya bahari, sawa na Kavumu pale Bukavu. Goma iko zaidi ya mita 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto linaizidisha wepesi. Saa nane mchana, jua kali, digrii 28, ndege iliyosimama kwenye mita 1,700 inajisikia kama iko mita 2,500. Injini isiyo na turbo hapo inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Ile ya tangazo ina nguvu za farasi 80. Kwa mchana wa namna hiyo zinabaki karibu 60. Na si injini peke yake: helisi inashika hewa kidogo, mabawa vilevile. Kiwanja ambacho kule pwani kingetosha kwa mita 200, hapa kinaweza kukudai mara mbili au zaidi. Vitabu vya matangazo vinaandika namba za usawa wa bahari, siku ya baridi, rubani mwembamba. Hakuna aliyekudanganya, ila namba hizo si za kwako.

Ndiyo maana nilimwambia: kwa mahali unapoishi, usishuke chini ya 912 ULS ya farasi 100, hata kama utangoja mwaka mwingine. Farasi 20 hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndizo zinakupitisha juu ya miti.

Hapo akakasirika kidogo. "Basi ninunue Cessna, jina kubwa, nimalize."

Jina kubwa nalo lina hadithi yake. Mwaka 2007 Cessna ilitangaza ndege nyepesi, Cessna 162 Skycatcher, kwa bei ya chini ya dola elfu 110. Watu walijiandikisha kwa mamia. Ikatengenezwa Shenyang, Uchina, ili bei ibaki chini. Mwaka 2011 bei ilikuwa imefika karibu elfu 150. Zilizowafikia wanunuzi hazikufika 200, na mwisho wa 2013 kampuni ikaiacha. Ndege yenyewe si mbaya angani. Lakini fanya hesabu ya kilo: tupu karibu 376, ya juu kabisa karibu 600. Zinabaki kama 222 kwa watu, mizigo na mafuta. Jaza tanki, mafuta yanachukua kama 65. Zinabaki 157 kwa watu wawili. Mdogo wangu peke yake ana kilo 92, na rafiki anayetaka kuruka naye hakosi ugali. Hao wawili, tanki likijaa, hawaruhusiwi kuondoka. Basi watapunguza mafuta, watakaa karibu na kiwanja, na ndege iliyonunuliwa kwa safari inakuwa ya kuzunguka.

Tena Skycatcher inatumia avgas, mafuta ya ndege yenye risasi. Afrika Kusini yanapatikana, kwa bei. Huku kwetu yanatafutwa kwa tochi. Rotax inafurahi zaidi na esanse ya gari: ile ya farasi 80 inataka oktani 90, ile ya 100 inataka 95. (Hapa naikubalia ndege ya tangazo: kwa esanse haichagui sana.) Lita 15 hadi 20 kwa saa, kutoka kituo cha kawaida. Nasema kituo. Esanse ya akina Kadhafi kandokando ya barabara, kwenye bidoni iliyoonja jua tangu asubuhi, pikipiki itaikubali na kukohoa. Ndege ikikohoa hakuna pa kuegesha.

Kwa ndugu walio Marekani hali imebadilika. Sheria mpya waliyoitoa Julai 2025 imeruhusu, tangu Oktoba mwaka huo, mwenye leseni ya michezo kurusha ndege nzito kidogo, zikiwemo Cessna 150 na 172 za zamani. Zile ndege za miaka ya sabini zinajulikana na kila fundi, na vipuri vyake vinapatikana. Kama ningekuwa Ohio au Texas ningeanzia huko kabla ya kuangalia kitu kipya cha dola elfu 150 na zaidi. Lakini ndugu yangu hayuko Texas, na ushauri wa mtandaoni mara nyingi unaandikwa na mtu wa Texas.

Mahali alipo yeye kuna kitu ambacho hakukifikiria. Kiwanda cha Sling kiko hapohapo Johannesburg. Ni ndege za chuma, zilizochorwa Afrika, na waanzilishi wake walizunguka dunia na mfano wa kwanza wa Sling 2 mwaka 2009. Mwaka 2019 vijana wa shule wa Afrika Kusini waliunganisha Sling 4 vipande kwa vipande, wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo. Rubani mmoja wao, Megan Werner, alikuwa na miaka 17. Sisemi hayo kwa kusifu kampuni. Nasema kwa sababu mtu anayeishi karibu na kiwanda analipa usafiri mdogo wa vipuri, na anampata fundi aliyekwisha kuifungua ndege ileile mara hamsini. Sling 2 iliyotumika itakuwa na bei ya juu kuliko ya tangazo, tena mbali. Na kama iliunganishwa na mtu nyumbani kwake, aombe daftari la ujenzi na picha za kila hatua; asiyekuwa nazo, aagane naye kwa heshima.

Bei ya juu atailipa na nini? Hapa ndipo ninapoona watu wengi wanakosea, hata wenye feza. Wanahesabu bei ya kununua, hawahesabu bei ya saa. Tuseme gari la kulalia ndege, bima na ukaguzi wa kila mwaka vinakula dola elfu 6. Ukiruka masaa 30 kwa mwaka, na wafanyakazi wengi hawapiti hapo, kila saa imekwisha kula dola 200 kabla ya esanse. Weka pembeni angalau dola 10 kwa saa kwa ajili ya injini ijayo. Kwa bei hiyo, kukodi ndege ya klabu kila mwezi ni rahisi zaidi, na ubaya wake ni kungojea zamu. Lakini wakiwa wanne, kila mmoja akaruka masaa yake 30, zile 200 zinakuwa 50, na bei ya kununua inagawanyika kwa nne. Ndege nayo hailali, na ndege inayoruka kila juma ina afya kuliko inayongoja chini ya turubai.

Sisi Wakongomani tuko na likelemba tangu mababu. Tunachanga kwa harusi, kwa matanga, kwa pikipiki. Sijui kwa nini mtu akipanda ngazi kidogo anataka kitu chake peke yake. Ila mapatano yaandikwe: nani analipa tairi ikipasuka, nani anaruka Jumapili ya Pasaka, na anayetaka kutoka anauza sehemu yake kwa nani. Urafiki wa kiwanjani unavunjika kwa mambo hayo.

Aliniambia pia siri yake: anataka siku moja kutua Goma, apite juu ya ziwa asubuhi, aone Nyiragongo upande wa kushoto. Nilinyamaza kidogo. Uwanja wetu ulifungwa Januari 2025 wakati vita vilipoingia mjini, na anga ya Kivu si ya kuchezea kwa ndege ya kilo 600. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460, mlima unafika 3,470, na mawingu ya mchana hayapigi hodi. Nilimwomba aitoe ndoto hiyo katika hesabu ya kununua. Achague ndege ya Jumamosi zake za kweli: nusu saa kutoka kwake, watu wawili, jua, kurudi kabla ya upepo.

Juzi ameniandikia. Amewapata watatu: mmoja wa Lubumbashi, na Wazambia wawili. Tangazo la elfu 28 ameliacha. Jumamosi wataenda kuangalia nyingine, ya farasi 100, wakiwa na fundi ambao wao wenyewe wanamlipa, si wa muuzaji.

Nilimsomea Mama mdogo ujumbe kwa simu. Hakuuliza bei. Aliuliza kama kuna parashiti. Nilimweleza kwamba ipo, si ya mtu bali ya ndege nzima: unavuta mkono mmoja, roketi inaitoa, ndege inashuka ikining'inia. Inaongeza zaidi ya kilo kumi, inagharimu maelfu ya dola, na inapaswa kukunjwa upya kila baada ya miaka kadhaa.

"Basi waanze kununua hiyo," alisema. "Rangi watapaka kiisha."