Kamera isitangulie mkono: kanuni za warukaji wa angani na motari wa Kabambare

Teritwari ya Kabambare haina shule ya kuruka kwa parashuti, na pengine haitakuwa nayo kwa miaka mingi. Lakini video za warukaji zimekwisha kufika. Zinapita kutoka simu hadi simu, kwa Bluetooth na kwa kadi ya memori, pale watu wanapochajia simu zao, na zaidi katika familia zilizokimbia vita, ambako kijana hana shamba la kulima wala shule ya kwenda. Anatazama simu. Anaona mtu anatoka ndegeni, kamera imekaa juu ya kaske, anacheka, na ardhi inamjia mbio. Video ni ya dakika mbili. Miaka aliyojifunza yule mtu haimo ndani yake.

Miaka hiyo inafaa kuelezwa. Watu wa mchezo huu wamezika wenzao wengi, na kwa sababu hiyo wameandika kanuni kali juu ya chombo gani kinamfaa nani, na lini. Kanuni hizo zinamhusu motari wa njia ya Kasongo pengine kuliko zinavyomhusu mtalii mwenye pesa zake.

Kwanza parashuti yenyewe. Wengi hapa wanaijua ile ya mviringo, ya askari, inayoshuka kama mwavuli. Warukaji wa leo wanatumia ya pembe nne, iliyoshonwa kama bawa: hewa inaingia mbele, kitambaa kinavimba, na mtu anateleza angani huku akivuta kamba mbili kugeuka kushoto au kulia. Ukubwa wake hupimwa kwa futi za mraba. Mwanafunzi hupewa kubwa, futi 220 mpaka 280 au hata zaidi. Bingwa anaweza kushuka na ndogo chini ya futi 100, na ndiye huyo anayeonekana kwenye video akipita juu ya majani kwa kasi ya gari.

Hesabu yake ni rahisi, mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua kijana wa kilo 70. Mwongezee parashuti mbili, kaske na nguo, kama kilo 12. Jumla kilo 82, sawa na ratili 180 hivi. Gawanya ratili hizo kwa futi za mraba za kitambaa. Akiwa na parashuti ya futi 190, jibu linakuwa chini kidogo ya moja. Akichukua ya futi 120, jibu ni moja na nusu. Shauri kwa anayeanza ni kwamba asipite moja. Kitambaa kikiwa kidogo kinakwenda mbio zaidi, kinageuka kwa ghafula, na kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa. Mkono uleule, mvuto uleule, lakini parashuti kubwa ingemsamehe na ndogo inamtupa chini.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Mtu akisikia kwamba mrukaji amekufa, anadhani parashuti ilikataa kufunguka. Zipo ajali za namna hiyo. Lakini kwa miaka mingi sasa warukaji wengi wamekufa chini ya parashuti iliyofunguka vizuri kabisa, haina tundu, haina kamba iliyokatika. Mtu aligeuka karibu sana na ardhi, kitambaa kikapiga mbizi, na hakukuwa na mita za kutosha za kusahihisha. Chombo kilikuwa kizima. Kilikuwa tu si cha kwake, au bado si cha kwake.

Tena, kifaa cha kuokoa hakiponyi ugonjwa huo. Tangu 1991 kuna kifaa cha Wajerumani kinachoitwa Cypres, kinachofungua parashuti ya akiba chenyewe kama mtu bado anaanguka kwa kasi akiwa kwenye mita 225 hivi. Kimeokoa waliozimia na waliopoteza hesabu ya muda. Lakini hakimfundishi mtu kutua. Duka linaweza kumwuzia mtu kila kitu isipokuwa hicho.

Kongo nayo ina kumbukumbu yake katika mambo haya, na wazee wanaweza kuisimulia. Tarehe 19 Mei 1978, askari wa Lejio ya Ufaransa, kikosi cha pili cha parashuti kutoka Calvi katika kisiwa cha Corsica, waliruka juu ya Kolwezi. Walikuwa wamesafirishwa haraka mpaka Kinshasa bila parashuti zao. Wakapewa za jeshi la Zaire, za Kimarekani, aina ya T-10. Hawa walikuwa askari wa kazi, kuruka ndiyo kazi yao, lakini ilibidi waelezwe upya namna ya kuvaa na kufunga, na mifuko yao ya vifaa haikulingana na vishikizo vya parashuti hizo. Wakaifunga kwa nyaya na kamba. Waliruka, na mji ulichukuliwa. Kila mtu ana maoni yake juu ya vita ile na waliokufa ndani yake, na hapa si mahali pa kuyapima. Kinachofaa kwa habari hii ni kwamba askari aliyekwisha kuruka mara nyingi bado alihesabiwa kuwa mgeni mbele ya chombo asichokizoea.

Warukaji wa kiraia wanalijua hilo. Ndiyo maana shirika la warukaji la Marekani, linapozungumza juu ya kamera, halimwulizi mtu tu ameruka mara ngapi tangu azaliwe. Linamshauri awe na miruko 200 na zaidi, na tena awe ameruka karibuni mara 50 kwa parashuti ileile atakayoivaa siku ya kupiga picha. Leseni ya kwanza kabisa hupatikana kwa miruko 25. Kwa hiyo, kati ya siku mtu anapokubaliwa kuruka peke yake na siku anaposhauriwa kubeba kamera, kuna miruko 175 ya kuwa bila picha ya kuonyesha nyumbani.

Vijana wanacheka wakisikia hivyo. Kamera ndogo za siku hizi, GoPro na wenzake, ni ndogo kama kiberiti kikubwa. Ina ubaya gani? Ubaya wa kwanza ni wa kamba. Parashuti inafunguka kwa nguvu, kamba zinapita karibu na kichwa, na kitu chochote kilichochomoza juu ya kaske kinaweza kuzinasa. Kwa hiyo wanaojua huchagua kaske laini isiyo na pembe, na yenye kishikizo cha kuitupa kwa mkono mmoja ikinaswa.

Ubaya wa pili ni mkubwa kuliko huo, na haupimwi kwa uzito. Kamera inachukua akili. Mwezi wa 4 mwaka 1988, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, mpiga picha wa miaka 35 alipanda ndege kumpiga picha mwanafunzi na mwalimu wake. Alikuwa ameruka mara zaidi ya 800. Kamera za wakati ule zilikuwa na mashine nzito ya kurekodi, nayo ilibebwa na mwili. Aliruka nyuma ya wale wawili, akawapiga picha vizuri, wakafungua zao. Kisha akapeleka mkono kutafuta kishikizo cha parashuti yake. Hakuwa ameivaa. Alikuwa amevaa kamera, na uzito wake ukamdanganya kwamba amevaa kila kitu. Picha zilibaki ndani ya mashine.

Miruko 800, na hakuna mtu ndani ya ndege aliyemtazama mgongoni.

Kwa asiye na ujuzi, mchezo huu una njia yake ya heshima. Katika pwani ya Kenya, Diani, kusini ya Mombasa, mgeni ambaye hajawahi kuruka anafungwa kifuani pa mwalimu, na parashuti moja kubwa inawabeba wote wawili. Kwa kanuni za Marekani, mwalimu wa namna hiyo lazima awe na miruko 500 na miaka mitatu katika mchezo. Mgeni akitaka picha, atapigwa: kamera inafungwa kwenye mkono wa mwalimu, au mrukaji mwingine anashuka karibu nao. Kazi ya mgeni inabaki moja, kuinua miguu wakati wa kutua.

Sasa warudi wasikilizaji hapa nyumbani. Kijana anatoka kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila na pesa mkononi. Ananunua moto siku ya kwanza, TVS au Haojue, na siku ya tatu anapakia watu. Hakuwahi kuendesha baiskeli yenye mzigo. Anajifunza juu ya udongo mwekundu wa njia ya Kasongo, wakati wa mvua, na nyuma yake amekaa mama mwenye mtoto mgongoni na godoro lililofungwa kwa mpira. Kisha, kwa sababu rafiki yake amefanya hivyo, anatoa simu na kujipiga video akiwa anakwenda, mkono mmoja kwenye usukani. Huyu amevaa parashuti ya futi 100 na kamera juu yake, na hana hata mruko mmoja.

Tofauti iko sehemu moja, na inaumiza. Mrukaji wa Marekani akikosea, kwa kawaida anakufa yeye. Motari akikosea anamwangusha mama ambaye hakuchagua chochote. Familia inayokimbia risasi usiku haiulizi dereva ameanza lini. Inapanda moto inayopatikana na kutoa bei inayotajwa.

Simu ina hatari nyingine ambayo warukaji hawana. Katika maeneo yenye watu wa silaha, kijana anayeinua simu kupiga picha askari wakipita, au kundi likiingia kijijini, anakuwa kama yule mtu wa 1988: jicho liko kwenye kioo, na mgongo hauna mlinzi. Haoni njia ya kutoka, wala haoni aliyemwona. Na kwenye barieri simu ikifunguliwa, video ileile inaweza kuulizwa maswali yasiyo na jibu zuri. Kuna pia wale wanaosambaza video za familia zilizohama, nyuso zikionekana, mahali zinapolala pakijulikana. Wanafanya kwa huruma, wakitaka misaada ije. Lakini mtu mwenye nia mbaya naye ana simu. Kazi ya kupiga picha katika hali hiyo ina watu waliojifunza, nao pia hukosea. Kijana ambaye hajajifunza afanye lile lililo rahisi: atie simu mfukoni, awasaidie watu kuvuka, na aeleze kwa mdomo baadaye aliyoyaona.

Wengi watajibu kwamba njaa haingoji miruko 200. Ni kweli. Kijana aliyehama na familia yake, mwenye wadogo watano wa kulisha, hawezi kuambiwa aendeshe moto mwaka mzima bila abiria. Na hakuna sababu ya kumwambia hivyo. Ngazi ya warukaji haikujengwa kwa pesa, imejengwa kwa mpangilio: kikubwa na cha polepole kwanza, karibu kabla ya mbali, peke yako kabla ya kubeba mtu, na kamera mwisho. Motari anaweza kuanza na mizigo ya sokoni kabla ya watu, dumu za mawese, magunia ya mchele, ndani ya mji ambako akianguka kuna wa kumwinua. Kisha mtu mzima mmoja, bado mjini. Njia ya Kasongo baada ya hapo, na kwanza wakati wa kiangazi. Kubeba mama na mtoto pamoja kunakuja baadaye kabisa. Anakula kila siku ya ngazi hiyo, ingawa anakula kidogo mwanzoni.

Nani atahesabu? Serikali ya teritwari ina mengi, na leseni ya karatasi, hata ikitolewa, haisemi mtu ameendesha siku ngapi wala juu ya moto gani. Warukaji walimaliza swali hilo bila serikali. Kila mmoja ana daftari lake. Mruko ukiisha anaandika tarehe, urefu, parashuti aliyotumia na jinsi alivyotua, na mwenzake aliyeona anatia sahihi. Asiye na daftari akifika kwenye uwanja mgeni anahesabiwa kama anayeanza, hata akiapa.

Kila parkingi ya moto huku ina shefu wake. Ndiye anayejua nani alifika jana na moto mpya, nani aliangusha mtu mwezi uliopita, nani anaendesha na simu sikioni. Anayajua yote kichwani, na akiondoka au akikimbia vita kama wengine, yanaondoka naye. Daftari na kalamu vinapatikana sokoni. Ukurasa wa kwanza ungetosha kuwa na mambo manne: jina, siku aliyoanza, aina ya moto, na siku aliyopakia mtu kwa mara ya kwanza, na pembeni sahihi ya motari wa zamani aliyemtazama.