Duka la Mtandaoni Lina Wageni Lakini Haliuzi? Usikimbilie Tangazo

Wauzaji wengi wa mtandaoni wanaujua ugonjwa huu. Picha umeweka, watu wanalaiki, mmoja anaandika "iko poa sana", mwingine anauliza bei, halafu kimya. Mwisho wa mwezi unafungua taarifa ya till yako na kukuta malipo manne, na mawili kati ya hayo ni ya jirani aliyekuja mwenyewe hadi dukani. Ukiomba ushauri, kwa binamu aliye Nairobi au kwa kijana wa saiba, utaambiwa neno moja: lipia tangazo. Sisi tunaona huo ni ushauri mbaya kwa duka ambalo bado haliuzi, na tutaeleza kwa nini.

Chukua mfano wa dada anayeuza matandiko hapa Uriri: mablanketi, mashuka, magodoro madogo ya wanafunzi wa bweni. Wacha tuseme kila blanketi linamwachia faida ya shilingi 300. Akilipia tangazo la shilingi 1,000, lazima auze mablanketi manne ya ziada ndipo pesa ya tangazo irudi na abaki na shilingi 200 mkononi. Kama mwezi uliopita aliuza mawili tu, hayo manne ya ziada yatatoka wapi? Na mara nyingi hiyo elfu moja si yake. Imetoka chama, au Hustler Fund, au Fuliza imekula sehemu yake tayari. Duka kama hilo likifa haliendi peke yake. Linaondoka na zamu yake ya chama na jina lake mbele ya wenzake.

Tangazo linaleta macho. Sasa kama watu mia wameingia dukani wakatoka bila kununua, ukileta mia mbili utapata nini? Utapata mia mbili waliotoka. Kuna kitu kinawafukuza katikati ya "nimeipenda" na "nimelipa", na mpaka ukijue, kila shilingi ya kubusti ni maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Jinunulie mwenyewe kwanza

Kabla ya kutumia hata shilingi kumi, fanya hivi. Azima simu ya bei nafuu, ile ya skrini ndogo iliyopasuka kona. Weka bando la kawaida, kaa steji, usitumie waifai ya mtu. Fungua duka lako kama mgeni na ujaribu kununua kitu hadi mwisho. Usiruke hatua yoyote.

Wengi wanaofanya hivi wanashtuka. Kwanza picha hazifunguki, kwa sababu kila moja ni nzito na zimepangwa ishirini kwenye ukurasa mmoja. Mteja wa bando la shilingi ishirini hawezi kungoja. Halafu inakuja ile fomu. Wengi wametengenezewa tovuti kwa muundo uliotoka ng'ambo, na fomu inauliza jina la mtaa, nambari ya nyumba, msimbo wa posta. Mtu wa Kanyamkago aandike nini hapo? Yeye anaishi "ukitoka Oyani, mbele ya kanisa, uliza kwa mama fulani". Akiacha wazi fomu inakataa, akijaza uongo mzigo hautamfikia, kwa hivyo anatoka. Futa vitu hivyo vyote. Uliza mambo matatu tu: jina, nambari ya simu, na steji au soko lililo karibu naye.

Angalia pia fomu inakubali nambari zipi. Tangu 2019 Kenya ina nambari zinazoanza na 01, lakini bado kuna fomu zinazotaka 07 peke yake, na nyingine zinataka uanze na 254 bila kukwambia. Mteja anaambiwa "nambari si sahihi" na simu ni yake mwenyewe! Hatarudi kukuuliza. Na ukishafika kwenye kile kidirisha cha kuweka PIN, jua kwamba mtandao ukiyumba hakitatokea, au kitatokea mteja akiwa ameshakata tamaa. Weka nambari ya till pale chini, kwa maandishi makubwa, ili anayeshindwa na kidirisha alipe kwa mkono. Tena andika wazi kwamba kama amepata ujumbe wa malipo asilipe mara ya pili, akupigie.

Bei iwekwe mbele ya watu

Hapa tuna msimamo mkali kidogo. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" tunaona inaua mauzo kuliko mtandao mbovu. Tunajua sababu zinazotolewa: washindani wataona, mteja akija inboksi utamshawishi. Lakini mteja anasoma jambo lingine kabisa. Anasoma kwamba bei inategemea sura yake, kwamba akionekana ana pesa ataambiwa 2,500 na mwenzake ataambiwa 1,800. Sokoni mtu anavumilia hilo kwa sababu anashika kitambaa, anaondoka hatua mbili, anaitwa arudi. Kwenye simu hakuna wa kumwita arudi.

Na bei ya kufikisha mzigo ni sehemu ya bei. Uriri iko kwenye barabara kuu ya kutoka Isebania kupitia Migori, na ukipanda unafika Awendo, Rongo, halafu Kisii; ukikata Rongo unaelekea Homa Bay. Matatu zinapita hapo kutwa na zinabeba vifurushi. Hiyo ni mali ambayo maduka mengi ya Nairobi hayana. Basi andika: Uriri mjini kwa boda ni kiasi hiki, Oyani kiasi hiki, Awendo na Migori kiasi hiki kwa matatu. "Delivery tutaongea" si bei. Mtu aliye na shilingi 2,000 kamili anahitaji kujua kama zitatosha kabla hajaanza.

Anayelipa na anayepokea

Hili ndilo tungependa ulifikirie zaidi, kwa sababu maduka mengi ya huku yanamtafuta mteja asiye sahihi. Muuzaji wa Uriri anafikiria mteja wake ni mtu wa Uriri. Lakini mtu wa Uriri akitaka blanketi anaweza kungoja siku ya soko, alishike, alinuse, aombe kupunguziwa. Kwa nini akulipe wewe kwa simu?

Mtu mwenye shida ya kweli yuko Kayole, yuko Nakuru, yuko Mombasa. Mama yake yuko nyumbani na baridi ya asubuhi imemwingia mifupani. Mdogo wake ameitwa shule ya bweni na orodha ina godoro, blanketi, ndoo na sanduku. Leo mtu huyu ana njia mbili. Anaweza kununua Nairobi, afunge, apeleke kwa basi, amtafute mtu wa kupokea. Au anatuma pesa nyumbani na kuomba Mungu zinunue blanketi na si kitu kingine. Watu wanacheka tukisema hivyo, lakini kila familia ina hadithi ya pesa ya godoro iliyogeuka kuwa pesa ya mbolea.

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa za mjini zimekuwa zikienda mashambani kwa sekunde chache. Bidhaa hazijaweza kufuata kwa kasi hiyo. Duka la Uriri linaweza kuziba pengo hilo: mlipaji analipa akiwa Nairobi saa nne asubuhi, na kabla ya jua kuzama boda amefika kwa mama, mama ameshika blanketi lake, na mlipaji amepata simu ya mama mwenyewe akisema nimepokea. Huyu mlipaji hatabishana kwa sababu ya shilingi hamsini. Anachonunua ni uhakika.

Ukikubali hilo, duka lako linabadilika. Fomu inahitaji nafasi mbili: nambari ya anayelipa na nambari ya anayepokea. Maelezo yanabadilika pia. Badala ya "blanketi kali la kisasa" unaandika ukubwa kwa futi, uzito, linafuliwaje, na kama litatosha kitanda cha watu wawili, kwa sababu mlipaji hatalishika kamwe. Hata msimu wa kuuza unabadilika. Wiki za kabla ya shule kufunguliwa Januari zinafaa kutayarishwa tangu Novemba, na kifurushi kimoja chenye vitu vya bweni vyote, kwa bei moja.

Mlipaji ana swali moja lililobaki: nitajuaje hawa si matapeli? Kuna waliowahi kutuma pesa kwa duka la mtandaoni wakazuiwa WhatsApp dakika hiyo hiyo. Wewe unalipa deni la matapeli hao. Kitu cha kwanza wanachotazama ni jina linalotokea kwenye simu wanapolipa. Kama duka linaitwa hivi na till inasoma jina la mtu mwingine kabisa, mkono unasita, malipo yanaishia hapo. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, till isome jina hilo hilo, na ukurasa wako uandike: "Ukilipa utaona jina hili." Mstari mmoja, lakini kwetu sisi tunaofanya kazi ya malipo, ni mstari wa thamani kuliko bango.

Jambo la pili ni mtu anayejulikana. Copia, kampuni iliyouzia watu wa mashambani kupitia wenye maduka kama mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Mei 2024 baada ya kukosa fedha za kuendelea. Ilianguka, ndiyo, lakini jambo moja ililiona vizuri: mtu wa kijijini ambaye hataamini skrini ataamini mwenye duka anayemjua. Huhitaji mtaji wao kufanya hivyo. Ongea na mwenye duka mmoja Oyani na mwingine Awendo, mizigo iachwe kwao, uwape kitu kidogo kwa kila mzigo. Andika majina ya maduka hayo, kwa ruhusa yao. Mlipaji aliye Nairobi atampigia mtu wa kwao amuulize, "Huyo mwenye duka unamjua?" Jibu likiwa ndiyo, umeuza.

Kuhusu kulipa baada ya kupokea, msimamo wetu ni wa katikati. Ndani ya Uriri kubali, boda angoje mteja afungue mzigo, kisha alipe kwenye till ya duka, wala si kwenye nambari ya boda. Nje ya hapo omba nauli ya mzigo kwanza, ili mtu akibadilisha mawazo usibaki na hasara ya kwenda na kurudi. Na kabla boda hajakabidhi, thibitisha malipo kwenye till yenyewe. Ujumbe anaokuonyesha mteja kwenye simu yake unaweza kuwa wa kughushi.

Kuna sheria pia, na si ya kuogopa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataka mnunuzi wa mtandaoni apewe maelezo kabla ya kukubali, na apate nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa. Kwa maneno mengine, bei, gharama ya kufikisha na jina lako viwe wazi kabla ya PIN. Ni yale yale tumekuwa tukisema.

Tena, acha kuposti skrinishoti za malipo ya wateja eti kama ushahidi. Zile zina jina la mtu, pengine na nambari yake, na matapeli wanazikusanya. Picha za watoto wakiwa na masanduku yao ya shule nazo hivyo hivyo, usiziweke bila idhini ya mzazi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Duka la mablanketi haliwezi kubeba hata sehemu ndogo ya faini hiyo. Ushahidi mzuri zaidi ni sauti ya mteja aliyekubali mwenyewe isikike: "Mama amepata, rangi ni ile ile ya picha."

Ukishaanza kuuzia watu wa mbali, jiandae kwa simu moja itakayokuja tu. Mama amepokea blanketi, limependeza, lakini anauliza kama unaweza kulirudisha umpe pesa badala yake. Kuwa na jibu mapema, na liwe limeandikwa dukani: pesa inarudi kwenye nambari iliyolipa, baada ya kumpigia mwenye nambari hiyo. Hili linakulinda pia na yule anayelipa kwa simu moja kisha anaomba urudishe kwa nyingine, huku ameshaomba malipo yake yabatilishwe. Mama akitaka rangi nyingine, mbadilishie pale pale mlangoni. Akitaka pesa, mwambie kwa heshima, "Mama, hiyo muulize mtoto."