Ugonjwa Usio na Jina Nao ni Ugonjwa

Safari hii hatuandiki kuomba mchango wala kutangaza shughuli. Tunaandika kulalamika, na tunaowalalamikia ni ninyi, jamaa zetu wenyewe. Wapo watakaokereka, nao tunawaomba radhi mapema. Tumenyamaza miaka mingi na kimya chetu hakijatusaidia kitu.

Sisi ni nani? Ni wale mnaotuona siku ya harusi tumesimama nje ya ukumbi na makoti, mkasema tunaringa. Ni wale tunaoingia hitimani tumeziba pua kwa mtandio na kutoka kabla ya chai. Ni wale wanaobeba maboksi wiki mbili kama watu wengine, na wiki ya tatu hawawezi kufunga vifungo vya shati kwa jinsi vidole vilivyovimba. Tunaishi hapa Uingereza pamoja nanyi, tunalipa kodi kama ninyi, na tuna watoto kama ninyi. Tuna mzio mkali, au aleji kama wengi wetu tunavyosema, na juu yake tuna maradhi mengine ambayo madaktari wanaona yanatokana na kinga ya mwili, ila mpaka leo hawajayapa jina.

Kwa wasiofahamu, tueleze kidogo. Kinga ya mwili ni kama askari wa zamu mlangoni. Mwenye mzio ana askari anayempiga mgeni asiye na kosa: chavua ya nyasi, vumbi, manyoya ya paka. Mwenye ugonjwa wa kinga kujishambulia ana askari aliyemgeukia mwenye nyumba: viungo vyake, ngozi yake, figo zake. Magonjwa ya aina hii ya pili yanazidi 80. Lupasi ni mojawapo, baridi yabisi ni mojawapo, na wagonjwa walio wengi ni wanawake. Lupasi huwapata zaidi wenye asili ya Afrika na Asia, yaani sisi hasa.

Mwaka wetu unakwenda hivi. Kuanzia Machi miti ya huku inamwaga chavua. Mei hadi Julai ni zamu ya nyasi. Majani yakianza kupukutika unakuja unyevu, na unyevu unaleta kuvu nyeusi kwenye kuta za vyumba tunavyopanga. Baridi ikiingia tunafunga madirisha na kuwasha hita, tukabaki na utitiri wa vumbi ndani ya magodoro na mazulia, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kinyesi chao kinatubana kifua usiku kucha.

Huo ni mzio. Ugonjwa wa pili hauna msimu. Unaamka asubuhi na viungo vimekaza, inapita saa nzima kabla hujaweza kushika kikombe. Vidonda vya mdomo vinakuja na kuondoka. Jua kidogo tu, uso unabadilika rangi. Unalala saa kumi na kuamka umechoka kama uliyekesha kilioni. Unakwenda kupimwa damu. Kipimo kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli kinarudi na jibu la nusunusu, na unaambiwa kwamba hata watu wenye afya wapo wanaokutwa nazo. Basi tusubiri tuone. Tunasubiri miaka.

Sasa tusikilize yanayosemwa wakati tunasubiri. Wa kwanza anasema tumerogwa. Wa pili anapunguza sauti na kusema tumeukwaa, ana ngoma huyo, angalieni alivyokonda. Wa tatu anasema ni uvivu, tunakwepa kazi. Wa nne, ambaye ni msomi, anasema ni mawazo tu. Na wa tano, huyu ndiye mwingi kuliko wote, anasema: "Aleji ni ugonjwa wa Wazungu. Kwetu hatukuwa na mambo hayo." Wote watano wanakutana kwenye swali moja: kama kweli unaumwa, ugonjwa wako unaitwaje?

Tunajibu hivi. Jina la ugonjwa hutolewa na binadamu, tena huchelewa. Mwaka 1819, daktari mmoja wa London aitwaye John Bostock aliwaeleza madaktari wenzake ugonjwa uliokuwa unamsumbua yeye mwenyewe kila kiangazi tangu utotoni: macho kuwasha, chafya, kifua kubana. Chanzo chake hakikuthibitishwa mpaka mwaka 1873, pale Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa wa hayo hayo, alipochapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe na kuonyesha kwamba ni chavua. Neno lenyewe "aleji" lilibuniwa na Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906. Je, kwa miaka yote hiyo Bostock na wenzake walikuwa wanajidekeza?

Mfano wa pili ni wa juzi tu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza damu za watu 130 waliokuwa jeshini, ambao baadaye waligundulika kuwa na lupasi. Jeshi lilikuwa limehifadhi damu zao za zamani. Watu 115 kati ya hao walikutwa na kingamwili za ugonjwa huo kabla daktari hajatamka jina, wengine zaidi ya miaka 9 kabla. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani na kuvua viatu. Madaktari wa viungo nao wanalijua jambo hili. Wanalo fungu maalumu la wagonjwa wenye dalili za kweli zisizotosha kuitwa lupasi wala kuitwa kitu kingine. Wengine hubaki hapo maisha yao yote, wengine baadaye hupata jina. Hakuna daktari mwenye akili anayewaita waongo.

Na hilo la ugonjwa wa Wazungu? Pumu ipo Unguja, ipo Mombasa, ipo Kigoma, na bibi zetu waliijua. Tena imeonekana mara nyingi kwamba mtu anayehamia nchi kama hii huanza kupata mzio baada ya kukaa miaka kadhaa, kwa kuwa anakutana na chavua, nyumba na hewa ambazo mwili wake haukuzizoea. Ukija mzima ukaugua huku, hujageuka Mzungu. Umehama tu.

Hatuwaachi madaktari wapite bure. Tunapewa dakika 10 kueleza maradhi ya miaka saba, mara nyingi kwa Kiingereza tulichojifunzia kazini. Vitabu vyao kwa miaka mingi vimefundisha kwamba upele wa lupasi ni mwekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi huonekana kama zambarau, kahawia au weusi uliozidi. Ilibidi mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake wa London, watoe mwaka 2020 kitabu cha picha kuonyesha dalili zinavyokuwa kwenye ngozi kama zetu. Kama hujafundishwa kuona, utasema hakuna kitu.

Kutoaminiwa kuna gharama, na waliolipa kubwa kuliko wote ni watoto. Ella Adoo-Kissi-Debrah wa Lewisham, London, alifariki kwa pumu Februari 2013 akiwa na miaka 9. Ilichukua mpaka Desemba 2020, baada ya mama yake kupigania uchunguzi mpya, ndipo ikatamkwa rasmi kwamba hewa chafu ya magari ilichangia kifo chake. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa familia kutoka Sudani, alifariki Rochdale Desemba 2020. Baba yake alikuwa amelalamikia kuvu ya nyumbani tangu 2017, na wenye nyumba walidhani tatizo ni jinsi familia inavyoishi. Novemba 2022 ikathibitishwa kwamba kuvu ndiyo iliyomuua. Leo ipo sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika Oktoba 2025, inayowabana wenye nyumba za umma Uingereza kushughulikia unyevu na kuvu kwa muda uliowekwa. Kila mmoja wetu mwenye kuta nyeusi katika nyumba ya umma aijue na aitumie.

Tazameni sasa ajabu iliyopo. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ya nchi hii, inapoamua nani ana ulemavu, haianzi na jina la ugonjwa. Inauliza kama hali hiyo inakuzuia kwa kiasi kikubwa kufanya mambo ya kila siku, na kama imedumu au inatazamiwa kudumu miezi 12 au zaidi. Ushahidi wa daktari unaweza kutakiwa, lakini kinachopimwa ni athari. Yaani sheria ya ugenini iko tayari kutusikiliza bila jina, na jamaa zetu wa damu wanadai cheti!

Tuje kwenye kumbi zetu, maana hapo ndipo watu wengi watatununia. Udi na ubani ni mila yetu, hatubishi. Lakini kufukiza chetezo katika ukumbi wa kukodi uliofungwa madirisha kwa sababu ya baridi, ndani watu mia mbili, si sawa na kufukiza katika nyumba ya Ng'ambo yenye ua na upepo wa bahari. Moshi ni moshi, hata ukinukia. Una chembe ndogo zinazoingia mapafuni na kumchokoza mwenye pumu. Huenda kitaalamu hilo lisiitwe mzio bali mwasho. Kwa anayetafuta pumzi chooni na inhela mkononi, tofauti hiyo haimsaidii. Ongezeni juu yake manukato ya kupulizia na dawa za kunukisha hewa, na mtajua kwa nini tunasimama nje kwenye mvua.

Na piko. Rangi nyeusi nyingi za nywele zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Hapa inaruhusiwa katika rangi za nywele tu, kwa kiasi kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kuchorea ngozi. Sisi tunaichukua na kuwachora mabiharusi na watoto wa miaka sita. Mwili ukishaikataa mara moja, mara nyingi huikataa maisha yote. Binti anachorwa leo, mkono unafura malengelenge, na miaka 20 baadaye anapaka rangi ya nywele, uso unavimba mpaka macho yanafunga. Hina ya majani, nyekundu, ipo na inapendeza. Kwa nini tunang'ang'ania nyeusi?

Mtasema tunataka kufuta mila kwa ajili ya watu wachache. Hapana. Udi uliwashwa tangu zamani ili mgeni ajue amekaribishwa. Ukiwa unamfukuza mgeni, umekwisha kuacha kazi yake. Tunaomba chetezo kikae nje, au nguo zifukizwe nyumbani. Hakuna ndoa iliyobatilika kwa kukosa moshi.

Kuna kundi jingine linaloneemeka na ukimya huu: wauzaji. Wapo wanaotupima aleji kwa unywele. Wapo wanaotuuzia mafuta ya kila ugonjwa kwa paundi 40 chupa. Wapo wanaotuambia tuache vidonge vya hospitali, ati vinaziba dawa yao. Hatusemi dawa zetu zote za asili ni bure. Tunasema anayekuambia uache inhela anakupeleka kaburini, na unywele haupimi mzio. Mzio hupimwa kwa kuchoma ngozi kidogo, kwa damu, au kwa viraka vinavyobandikwa mgongoni, na mtu aliyesomea. Watu wetu wanakwenda kwa wauzaji hawa kwa sababu ndio pekee wanaowaambia, "Nakuamini."

Basi tunadai haya, tena si makubwa. Anayeandaa shughuli aandike kwenye kadi kwamba ukumbini hakutafukizwa, na asimamie neno lake. Akina mama wachoraji waache piko kwenye ngozi, hasa za watoto. Mwenye Kiingereza kizuri amsindikize mwenzake hospitali, na asiye na msindikizaji aombe mkalimani, maana huduma hiyo ipo. Mgonjwa aandike tarehe za dalili zake, apige picha upele siku unapotoka, kwa kuwa siku ya miadi utakuwa umekwenda. Na mwenye ulimi ausimamishe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini tukiyatoa mnatucheka, na tukiyaficha mtatulilia. Tuchagueni lipi?

Miongoni mwetu wapo walioacha kabisa kuja kwenye shughuli. Simu zao hazilii tena. Wengine ni wazee waliowapokea nyinyi uwanja wa ndege, wakawalaza sebuleni kwao miezi mitatu mpaka mkapata karatasi. Hawakuwauliza mlikuwa mnakimbia nini, wala hawakutaka kuona cheti. Shughuli ijayo iko karibu na orodha ya wageni inaandikwa. Wapigieni simu, wafungulieni madirisha.