Wana Simiyu, Reli Yetu Inauzwa kwa Kilo

Juzi, nyuma ya soko la mji mmoja ambao sitautaja, nilimwona kijana akimwaga kiroba mbele ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Juu kulikuwa na sufuria lililotoboka na mnyororo wa baiskeli. Chini kabisa, bolti nene za reli na vibano vyake, vingine bado vina grisi. Mnunuzi hakuuliza vimetoka wapi. Alivipima, akahesabu noti, akavifunika kwa turubai. Watu wazima waliokuwa pale waliendelea kunywa uji. Nilipohoji, nikajibiwa kwamba serikali ina vyuma vingi.

Ndugu zangu wa Migato, najua mtasema hayo ni ya watu wa Malampaka. Kwetu Itilima hata honi ya treni hatuisikii. Sikubali. Pamba ya babu zenu ilitokea wapi kwenda baharini? Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na stesheni ndogo ya Malampaka ikawa mlango wa nchi hii yote, enzi Bariadi ikiwa bado ndani ya Maswa. Hapo marobota yalipandishwa kwenye mabehewa, na hapo mtu wa Usukumani alikata tiketi ya daraja la tatu, akashuka Dar es Salaam na kuku wake kwenye tenga. Ushirika waliouhangaikia kina Paul Bomani miaka ya 1950 ungebaki maneno matupu bila reli ya kubeba mzigo.

Kilichozichosha stesheni zetu kinajulikana: shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, vichwa vya treni vikazeeka, malori yakachukua mzigo, na ubia na Wahindi ulioanza mwaka 2007 haukudumu. Basi.

Lakini shirika lililovunjika halikuja usiku na spana. Aliyekuja ni mtoto wa mtu, na nyumba yao inajulikana. Na aliyemtuma ni yule mwenye mizani, tunayempisha kiti cha mbele harusini. Hivi treni ya abiria ikianguka kwa sababu ya bolti mliyoiona ikipimwa, mtakwenda msibani na uso gani? Mtamwambia nini mama aliyempandisha mwanawe aende chuo?

Na sasa inajengwa reli ya kisasa, SGR, kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambacho Rais Samia alikiwekea jiwe la msingi Juni 2021. Tukishindwa kuilinda reli ya zamani yenye upana wa mita moja, hii ya kisasa tutailinda kwa miujiza?

Sungusungu, ulinzi wetu wa kijiji, ilizaliwa huku kwetu, Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale wezi wa ng'ombe walipotushinda. Mwano, ule ukunga wa hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka na fimbo. Leo taruma la chuma likibebwa kwenye baiskeli mchana kweupe, mwano uko wapi? Msimpige mtu, nasema wazi. Mkamateni, mpelekeni kwa mtendaji, kisha polisi, na mfuate kesi mpaka mwisho.

Mnunuzi wa vyuma awe na daftari: jina la muuzaji, kijiji, kitu alicholeta. Asiye na daftari asiuziwe hata kijiko. AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao, nazo, kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, ziulize kwa barua bei ya kusafirisha robota kwa treni, zilinganishe na lori. Hilo ni karatasi moja na muhuri. Diwani na mbunge wabanwe kuhusu choo, maji, taa na paa la kumkinga abiria anayengoja treni usiku na mtoto mgongoni. Tunazo haki za kudai, ila anayedai huku ananunua vyuma vya wizi ana mdomo gani? Vijana watafutiwe shughuli. Namna gani, wazee na halmashauri wakae, waseme.

Tafadhalini, jamani. Mkutano wa kijiji ujao msingoje ifike ajenda ya mengineyo, watu wameshaanza kukung'uta vumbi. Simameni mapema. Anayejua yadi inayopokea vyuma vya reli aitaje pale pale, mbele ya mwenyekiti, hata kama mwenye yadi ni shemeji yake.