Shule Zetu Zitaishi kwa Karo Hadi Lini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu wasomaji, kila mwisho wa mwaka shule zetu za Kiislamu hapa Uganda hufanya sherehe. Watoto husoma Qur'ani kwa tajwidi, huimba kaswida, mgeni rasmi hutoa nasaha, kisha mwenyekiti wa kamati hutangaza kuwa mwakani inshaAllah tutaongeza ghorofa. Watu hupiga takbiri na kwenda kula pilau. Hakuna anayesimama kuuliza swali moja dogo tu: karo isipoingia kwa muhula mmoja, shule hii itafunguliwa?

Jibu la swali hili tulishapewa. Mwezi Machi 2020 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya korona, na ukiacha vipindi vifupi ambapo baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili! Walimu wa serikali waliendelea kupata mishahara yao. Walimu wa shule za binafsi, zikiwemo za kwetu, waliambiwa wasubiri. Wengine waliingia kwenye bodaboda, wengine wakauza chapati barabarani. Zipo shule zilizoshindwa kulipa mikopo ya benki, na zipo ambazo milango yake haikufunguliwa tena.

Je, tumejifunza nini? Tumerudi pale pale. Tunakusanya karo Februari, tunaila hadi Aprili, tunasubiri muhula wa pili. Huko si kuendesha shule. Huko ni kuishi kwa siku.

Watasema: "Sisi tuna mpango mkakati." Ni kweli, mpango upo. Umeandikwa kwa Kiingereza, una rangi na michoro, umefungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu. Uliandikwa kwa sababu mfadhili aliuomba. Mwalimu wa darasa la nne hajauona. Mzazi hajui kama upo. Ukiufungua utakuta dira, dhima na malengo ya miaka mitano, lakini hutakuta mahali palipoandikwa mshahara wa mwalimu utatoka wapi mfadhili akiondoka.

Na wafadhili huondoka, ndugu zangu. Msikiti mkubwa wa Old Kampala, ambao sote tunajivunia, ulikamilishwa kwa fedha za Libya, na Gaddafi mwenyewe alikuja kuufungua rasmi Machi 2008. Oktoba 2011 Gaddafi akauawa. Miaka mitatu na nusu tu! Msikiti alhamdulillah umebaki, na Allah amlipe kila aliyechangia. Lakini nani kati yetu mwaka 2008 angekubali ukimwambia kuwa mkono ule utakatika upesi namna ile? Mwenye kujenga bajeti yake juu ya mkono wa mtu mwingine hana bajeti. Ana matumaini.

Tena fedha peke yake haitoshi. Mwaka 1948 pale Mombasa ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la MIOME. Sultani wa Zanzibar alichanga, Aga Khan alichanga, Mabohora walichanga, na serikali ya kikoloni ikatoa sehemu yake. Lengo lilikuwa kuwapatia vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi na uhandisi, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Mwaka 1966 ikageuzwa kuwa chuo cha ufundi cha watu wote, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ni chuo kizuri, kinasomesha watoto wa kila dini, nasi hatuna kinyongo. Lakini lile kusudio la waliotoa fedha halimo tena katika jina lake wala katika kazi yake. Majengo yalidumu kuliko lengo.

Sasa tazama mfano wa pili, ulio hapa hapa kwetu. Nchi za Kiislamu ziliazimia mwaka 1974 kule Lahore kuwa Uganda ipate chuo kikuu cha Kiislamu. Kilifunguliwa Mbale mwaka 1988. Miaka kumi na minne ya kusubiri! Lakini waliokiongoza walifanya jambo ambalo shule zetu hazitaki kuliiga: chuo kikawa na jengo la biashara, King Fahd Plaza, katikati ya mji wa Kampala. Mpangaji wa duka pale analipa kodi, na kodi hiyo inasaidia chuo kilicho Mbale. Hata asipojua, mpangaji huyo anamsomesha mtoto wa Kiislamu.

Hilo ndilo linaloitwa wakfu, na si jambo geni. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba ushauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na atoe matunda yake sadaka. Ardhi ile haikuuzwa, haikutolewa zawadi, haikurithiwa. Ndiyo sheria yetu wenyewe! Vipi leo wengine wawe na mifuko na mashamba ya kuendesha shule zao, na sisi wenye wakfu tubaki kupitisha kofia msikitini kila shule inapokatiwa umeme?

Kuna wanaosema kuwa kupanga mambo ya miaka kumi ijayo ni kukosa tawakkul. Hawa wasome upya Surat Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) alikuwa mtume wa Allah, na hakuna aliyemzidi tawakkul katika Misri yote. Pamoja na hayo alipanga miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa, akaagiza nafaka ibaki katika masuke yake isiharibike. Hakungoja njaa ifike ndipo aitishe mkutano.

Na kuna wanaosema wazazi ni maskini. Haya, tupige hesabu. Shule yenye wazazi 400, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, inapata milioni 2. Kwa mwaka ni milioni 24. Kwa miaka mitano ni milioni 120. Nusu yao wakikataa, bado ni milioni 60. Fedha hiyo inaanzisha maduka ya kupangisha katika mji wowote mdogo. Je, shilingi 5,000 ni nyingi kuliko tunazochangia harusi moja? Umaskini upo, lakini kinachotukwamisha zaidi ni kuwa mzazi haamini kuwa fedha yake itafika. Na ana haki ya kutoamini, maana hajawahi kusomewa hesabu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, katika mkutano ujao usiulize ghorofa itaisha lini. Uliza mambo manne.

Kwanza, hati ya ardhi ina jina la nani? Kama ni la marehemu mzee wetu aliyeanzisha shule, basi wanawe wana haki ya mirathi na wala si wezi wakiidai. Kosa ni letu sisi tuliosema "ni wakfu" mdomoni na hatukuandika. Iandikwe kwa wadhamini waliosajiliwa, na iandikwe leo mzee akiwa hai.

Pili, hesabu zilikaguliwa lini, na zitasomwa lini mbele ya wazazi kwa lugha wanayoifahamu?

Tatu, walimu wetu watabaki vipi? Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wa kwetu analipwa ngapi, na analipwa tarehe ngapi? Akiondoka wa fizikia, ghorofa mpya itafundisha fizikia?

Nne, mkurugenzi akifariki kesho, nani anashika funguo? Kama hakuna anayejua, basi hatuna shule. Tuna mtu mmoja mwenye majengo.

Nanyi wanafunzi msikae kimya mkidhani haya ni ya wazee. Miaka kumi ijayo mtakaoketi kwenye kamati ni nyinyi. Jifunzeni uhasibu, sheria za ardhi na usimamizi kama mnavyojifunza udaktari. Ummah una mahatibu wengi, una wahasibu wachache.

Kamati zitakasirika kwa maneno haya. Zikasirike, lakini zijibu. Ghorofa ya tatu inaweza kusubiri. Wakfu usisubiri.

Wabillahi tawfiq.