Kioo cha pikipiki kipimwe kwa pua ya mwenye nayo

KUNA ugonjwa umetuingia sisi wenye pikipiki kuukuu, nao ni wa kufunga kioo kirefu cha kuzuia upepo mbele ya usukani kwa sababu tu jirani anacho. Mimi niliuugua. Nusura unimalize, au tuseme nusura ummalize mtu mwingine ambaye hakuwa na pikipiki wala kioo. Ndiyo maana leo naomba nafasi hii.

Nakaa Kibagabaga, nafundisha sekondari, na Jumamosi nyingi nakwenda Nyakarambi, wilayani Kirehe, kumwona mama. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua njia hiyo kuliko mimi: Rwamagana, Kayonza, Kabarondo, Ngoma, kisha Kirehe, na ukizidi kwenda unafika Rusumo. Chombo changu ni Honda CG125 yenye taa ya duara. Aliinunua baba mdogo tukiwa bado ukimbizini Karagwe, akarudi nayo mwaka 1995, mwaka ambao mimi nilikatiza kidato cha kwanza nikaja kuanza upya masomo kwa lugha nyingine. Wajapani walianza kuitengeneza aina hiyo mwaka 1976 wakizikusudia nchi kama zetu, wakaipa injini isiyodai matunzo mengi. Wanafunzi wangu hunicheka. "Mwalimu, nunua ya umeme," wananiambia, maana Serikali ilitangaza mwaka 2024 kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini Kigali zisajiliwe za umeme tu. Nawajibu kwamba mimi sibebi abiria, nabeba maharage ya mama.

Tatizo la pikipiki za aina hiyo ni upepo, kwani mwendeshaji ameketi wima kama anakula chakula mezani. Mjini huuhisi, lakini nguvu ya upepo haiongezeki sawa kwa sawa na mwendo. Ukitoka kilomita 30 kwa saa ukafika 60, mwendo umekuwa mara mbili lakini nguvu ya upepo kifuani imekuwa mara nne. Ukikutana na upepo wa kilomita 30 ukivuma kutoka mbele, hapo ni kama unakwenda 90, na nguvu inakuwa mara tisa. Ongeza baridi ya alfajiri ya vilima vyetu, vumbi la Julai na wadudu wa jioni. Mama aliposikia nakohoa mwezi mzima alitoa amri: tafuta kitu cha kukinga kifua.

Nikaenda kwenye duka moja la vipuri, ambalo sitalitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu pia. Wenzetu waliokulia Congo na Burundi wanakiita parabrizi, sisi wa Karagwe tunasema kioo, na tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi hapa mwaka 2017 bado hatujakubaliana. Muuzaji alinipima kwa macho akatoa kirefu kuliko vyote. "Mzee, hiki ndicho cha watu wazima," akasema. Nikalipa. Kilipofungwa, ukingo wake wa juu ulinifika kwenye paji la uso, ikawa barabara yote naitazama kupitia humo.

Wiki tatu za kwanza nilijiona mfalme. Kifua kilipona. Kisha ikaja jioni moja ya Aprili, narudi Kigali, mvua za masika zimekolea. Nilipokuwa nakaribia Kabarondo giza lilikuwa limeingia, na lori likaja mbele yangu likitokea Kayonza. Gari lina waipa. Pikipiki haina. Kila tone juu ya kile kioo liliwaka, na kila mkwaruzo niliouweka mwenyewe kwa kukifuta kwa kitambaa kikavu chenye vumbi uliwaka pia. Mbele yangu pakawa peupe kama shuka. Nilipunguza mwendo, nikanyanyuka kwenye kiti ili nichungulie juu ya ukingo, na hapo ndipo nikamwona mtu anasukuma baiskeli isiyo na taa, imepakiwa ndizi. Mkungu mmoja ulinigonga goti.

Hakuanguka, nami sikuanguka. Alisema neno moja tu, "Ntiwambonye?", yaani hukuniona? Ningemjibu nini? Kwamba nilikuwa nimejizibia njia kwa fedha zangu mwenyewe?

Ndipo nikaanza kuuliza waliokwisha kutembea na vyombo hivi miaka mingi, na kujaribu mwenyewe. Jibu lao lote linakaa katika jambo moja: kioo cha pikipiki utazame juu yake, usitazame ndani yake. Atakayekuambia vinginevyo muulize amewahi kuendesha usiku wa mvua kutoka Rusumo. Upepo ukigonga kioo haukomi pale ukingoni, bali huruka juu kidogo, kwa hiyo ukingo unaoishia usawa wa ncha ya pua unatosha kuupitisha juu ya kofia huku macho yakibaki huru. Najua Nairobi na kwingineko Kenya bodaboda wengi wana mwavuli mkubwa na nailoni ya mbele inayomfunika mtu mzima. Sina ugomvi nao. Ila mimi naendesha kwenye kona za vilima, ambapo upepo wa ubavuni unakupiga ghafla unapotoka kwenye ukingo wa mlima, na kila kilichofungwa kwenye usukani kinakuwa tanga la kukugeuzia usukani huo. Kioo kikiwa kikubwa, tanga ni kubwa.

Usinunue kabla hujapima. Kata kipande cha boksi, kifunge kwa gundi ya karatasi mbele ya taa pikipiki ikiwa imesimama, kisha panda kama unavyopanda siku ya safari: koti zito, kofia ngumu, na mzigo nyuma. Mzigo ni muhimu, kwani nyuma ikizama kwa magunia, mbele inainuka na kioo kinalala kuelekea kwako. Keti unavyoketi baada ya saa mbili za safari, siyo ulivyojinyoosha dukani. Muombe mtu aweke alama kwenye boksi usawa wa pua. Hicho ndicho kipimo chako, na cha shemeji yako hakikuhusu.

Baada ya kukifunga ndipo kazi yenyewe inaanza, na hapa mafundi wengi wanatuacha njiani. Kukilaza kioo nyuma kidogo kunashusha mkondo wa upepo, kukisimamisha kunaupandisha. Kofia ikitikisika na kuvuma kama ngoma, maana yake upepo uliovurugika unakupiga kichwani, nao unachosha kuliko upepo mtupu. Ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka isiyo na magari, kwa mwendo wa wastani, inyanyue kidogo shingo, kisha iinamishe, utahisi mpaka wa upepo mkali uko wapi. Simama kando, sogeza kioo kidogo tu, jaribu tena. Mimi ilinichukua Jumamosi nne. Acha pia nafasi chini ya kioo, juu ya taa, hewa ipite. Ukiziba kabisa, nyuma yake panakuwa na utupu unaovuta upepo ukupige mgongoni na kukusukuma mbele.

Kisha geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Vishikio visiguse tangi. Waya za breki na klachi zisibanwe, na mafuta ukiyavuta yarudi yenyewe usukani ukiwa upande wowote. Hili si la kufanyia mzaha, maana mafuta yakikwama wazi ukiwa unakata kona, kioo hakitakusaidia. Na tazama vioo vya pembeni. Vishikio vingi hufungwa kwenye matundu yake na kuvisogeza. Kwetu anayekupita anatokea kushoto, ukivuka Rusumo kuingia Tanzania anatokea kulia, kwa hiyo mfanyabiashara wa mpakani anavihitaji vyote viwili.

Kwenu mnaonunua ng'ambo na kuuza huku, nina ombi. Usukani wa pikipiki nyingi ndogo za Kijapani ni bomba la milimita 22, lakini pimeni, msikisie. Kioo kikagueni mchana: kishike mkono ukiwa umenyooka, tazama nguzo ya umeme kupitia humo, kisha kisogeze polepole. Nguzo ikipinda, kiache huko huko. Akriliki ni angavu na haikwaruziki upesi lakini hupasuka ikipigwa, polikaboneti inavumilia kipigo lakini huchubuka kirahisi na huharibiwa na petroli. Kwa hiyo msimruhusu kijana wa dukani aifute kwa petroli ing'ae kwa mteja. Maji mengi na sabuni kidogo vinatosha, na wadudu waliokauka uwafunike kwa kitambaa kilicholowa mpaka walainike. Wekeni mpira kila penye boliti, tundu liwe pana kidogo kuliko boliti, na spana isikazwe kwa hasira.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo kwa ukurasa wa maoni. Lakini barabara ile tunaigawana na watoto wa shule, mabibi wanaotoka sokoni na wenye baiskeli za ndizi, ambao hawakuulizwa tulipokuwa tunachagua urefu wa vioo vyetu. Polisi wameweka kamera, zile ambazo watu wa hapa wamezibatiza Sofia, nazo zinapima mwendo wetu. Hakuna kamera inayopima kama dereva anaona. Hilo limebaki kwa muuzaji na mnunuzi, na siku ile dukani hakuna kati yetu aliyelitaja.

Kile kioo changu sikukitupa. Nilikibandika gundi ya karatasi pale penye alama ya pua, fundi mmoja mwenye msumeno wa meno madogo akakikata sentimita 14, tukasugua ukingo kwa msasa mpaka ukawa laini. Kifua hakijarudi kuuma. Kipande kilichobaki mama anafunikia mtungi wa maziwa.